Hesabu Sahihi, Taarifa Mbovu: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Uhandisi na Usanifu Majengo

Kila anayefundisha uhandisi au usanifu majengo hapa Afrika Mashariki amewahi kusikia lalamiko hili, na pengine amelitoa mwenyewe: vijana hesabu wanazijua, ila Kiingereza kinawashinda. Taarifa ya mafunzo kwa vitendo inarudi imejaa wino mwekundu, wasilisho la mradi wa mwaka wa mwisho linakwama kwenye swali la kwanza, na hukumu inatolewa papo hapo kwamba tatizo ni lugha. Dawa nayo hufuata hukumu: kozi ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, yenye nyakati za vitenzi, barua ya kuomba kazi, na mtihani. Mtihani ukishapita, kozi imesahaulika. Mimi nataka kuihoji hukumu yenyewe. Ninachodai leo ni kwamba taarifa ya kitaalamu mara nyingi huharibika kabla Kiingereza hakijaingia, pale mwandishi anapoanza kuandika bila kuamua msomaji afanye nini akishamaliza kusoma. Kuamua hivyo ni kazi ya kihandisi sawasawa na kuchagua kipenyo cha nondo. Kwa hiyo mahali pa kuifundishia ni maabara na studio, mikononi mwa walimu wale wale wanaofundisha boriti na misingi.

Ushahidi wa kwanza nautoa mbali na hapa, tena makusudi, kwa watu waliokinyonya Kiingereza na maziwa ya mama. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliruka kutoka Florida kikiwa na watu 7. Sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu lililofunika tangi la nje la mafuta kilimeguka na kugonga bawa la kushoto. Kamera za ardhini zilinasa tukio hilo, na kesho yake wahandisi walikuwa wameshaiona picha. Chombo kikiwa bado kinazunguka dunia, wahandisi wa kampuni ya Boeing walifanya makadirio ya madhara, wakayapeleka kwa wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani, kwa slaidi. Wakubwa wakaridhika kwamba hakuna la kutisha. Tarehe 1 Februari, Columbia ikirejea nyumbani, hewa ya moto mkali iliingia kupitia tundu kwenye ukingo wa mbele wa bawa lile, na chombo kikasambaratika angani juu ya Texas. Wote 7 walikufa.

Bodi ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali Harold Gehman ilitoa ripoti yake Agosti 2003, na haikuishia kwenye povu na bawa. Ilitenga nafasi kuchambua slaidi moja tu kati ya zile zilizopelekwa kwa wakubwa, ikitumia uchambuzi wa Edward Tufte, profesa wa Yale aliyebobea katika namna ya kuonyesha data. Slaidi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Kichwa chake kilisema, kwa maana, kwamba data za majaribio zinaonyesha makadirio yameelemea upande wa tahadhari katika suala la vigae vya kukinga joto kutobolewa. Mkubwa mwenye haraka akisoma kichwa hicho anashusha pumzi. Chini yake vikafuata vidokezo ndani ya vidokezo, kila ngazi ikiwa na uzito mdogo kuliko iliyotangulia. Neno moja la kuashiria ukubwa lilirudiwa mara 5, na hakuna hata mara moja msomaji alipoambiwa ni ukubwa wa kiasi gani. Habari yenyewe ilikuwa mstari wa mwisho kabisa, mahali ambapo macho yameshachoka: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali jaribio lilitumia kipande cha inchi za ujazo 3. Kwa vipimo vyetu ni lita 31 na ushei, dhidi ya kitu kinachojaa vijiko vichache vya supu. Tofauti ni mara 640. Kwa maneno mengine, majaribio waliyokuwa nayo yalikuwa mbali mno na ajali iliyotokea kiasi cha kutoweza kumtuliza mtu yeyote. (Jeraha lenyewe, ilikuja kuonekana, halikuwa hata kwenye vigae, lakini hilo tuliache.)

Sasa mwalimu wa sarufi angeisahihisha nini slaidi ile? Pengine angelalamika kwamba kipimo kile kile cha ujazo kimefupishwa kwa namna zaidi ya moja. Zaidi ya hapo angeipitisha. Hakuna kitenzi kilichokosewa wakati, wala aliyeandika hakupungukiwa msamiati. Kilichokosekana ni uamuzi wa mwandishi kuhusu jambo gani likae juu, na uamuzi huo haupatikani kwenye kamusi. Michael Alley wa chuo cha Penn State, ambaye amefundisha wahandisi kuwasilisha kwa miaka mingi, anashauri kwamba kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili inayodai jambo, na chini yake kikae kielelezo kinachothibitisha dai hilo. Ushauri unaonekana mdogo. Lakini jaribu kuutumia kwa slaidi ya Columbia. Ukilazimika kuandika sentensi kamili pale juu, utajikuta unaandika kwamba majaribio tuliyo nayo hayatuambii kama bawa ni salama. Umeshalazimishwa kusema, na mwenye kiti cha uamuzi ameshalazimishwa kusikia.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hayo ni mambo ya vyombo vya anga, sisi tunajenga madarasa na barabara. Basi tuje kwenye jengo. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, madaraja mawili ya ndani yaliyoning'inia ukumbini yaliangukia watu waliokuwa wakicheza dansi chini. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 waliumia. Katika usanifu wa awali, daraja la ghorofa ya nne na lile la ghorofa ya pili yalishikwa na fito za chuma ndefu, moja kwa moja kutoka darini hadi chini, kila daraja likikaa juu ya nati yake. Fito ndefu namna hiyo zinasumbua kutengeneza, kwani lazima zikatwe hesi sehemu kubwa ya urefu wake. Mtengeneza vyuma akapendekeza kila fito igawanywe mara mbili: ya juu ishike daraja la nne, ya chini ining'inie kwenye boriti za daraja hilo hilo la nne na kushika la pili. Kwenye karatasi ni badiliko dogo, mistari miwili mahali pa mmoja. Kwa nguvu, maana yake ni kwamba nati ya daraja la nne, iliyokuwa ibebe daraja moja, sasa inabeba mawili. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba hata kiungo cha awali kingetimiza kama asilimia 60 tu ya nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji ule, badiliko likakimalizia.

Hapa wanafunzi wa usanifu majengo wasikie vizuri, kwa sababu hiki kilikuwa kisa cha michoro. Mchoro wa mhandisi haukueleza kiungo kile kwa ukamilifu. Mhandisi alidhani mtengeneza vyuma atakisanifu. Mtengeneza vyuma alidhani kimeshasanifiwa. Michoro ya kiwandani ilirudi kwa mhandisi, ikapigwa muhuri, ikaenda kazini. Baadaye upande mmoja ulidai ulipiga simu kuomba idhini ya badiliko. Upande wa pili ukakana kupigiwa simu hiyo. Wahandisi wawili wahusika walinyang'anywa leseni zao Missouri. Kama pangekuwa na barua ya mistari mitatu, yaani tumebadilisha kiungo hiki, mzigo kwenye nati hii unakuwa huu, tunaomba hesabu yako kabla hatujakata chuma, mhandisi angelazimika kukaa chini na kalamu. Barua ya namna hiyo ingetosheka na Kiingereza cha kidato cha pili.

Kuna pingamizi la haki hapa. Je, ninasema sarufi haina maana? La hasha. Katika mikataba ya ujenzi, tofauti ya lazima na hiari inabebwa na kitenzi kimoja, na mkandarasi asiyeiona atailipia. Vipimo navyo ni lugha. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo chake kilichokuwa kikifika kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa matokeo kwa pauni na upande wa pili ukayasoma kama nyutoni, tofauti ya karibu mara nne na nusu. Nikiri pia hali halisi ya kwetu. Ripoti ya Clive Criper na William Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania hakikutosha kubeba masomo waliyokuwa wakifundishwa kwacho, na walimu wa vyuo wa leo hawatasema hali hiyo imekwisha. Mtoto anasoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha anavushwa ghafla. Akifika mwaka wa kwanza wa uhandisi, amezoea kukariri aya nzima kwa usalama wake. Kwa hiyo ndiyo, sarufi ifundishwe. Ninachopinga ni kuifanya mlango pekee, hadi mwanafunzi aamini kwamba akishamwaga ung'eng'e bila kosa amekwisha kuandika taarifa.

Imani hiyo ndiyo inayozaa taarifa tunazozijua. Tuseme mwanafunzi ametumwa kupima nguvu ya zege la nguzo za ghorofa ya kwanza. Usanifu unataka nyutoni 25 kwa milimita mraba. Vipande vya majaribio vimevunjwa siku ya 28 na wastani umekuja 19. Taarifa yake itaanza na Warumi na zege lao, itapita kwenye maana ya saruji, kokoto na maji, itaeleza mashine ya kuvunjia, na ukurasa wa 14 itasema kwa sauti ya kujificha kwamba ilionekana matokeo yako chini kidogo ya yaliyotarajiwa. Nani aliona? Kidogo ni kiasi gani? Kwenye eneo la ujenzi, wakati msomaji anafunua kurasa, mafundi wanaendelea kumimina ghorofa ya pili juu ya nguzo zile zile. Mwanafunzi huyu anajua vizuri kilichotokea. Muulize nje ya darasa, kwa Kiswahili, atakujibu bila kumung'unya: zege halijafika, wasimamishe kazi, wapime nguzo zenyewe kwanza. Sentensi hiyo ndiyo taarifa. Ameshaiandika kichwani, akaizika kwa sababu alifundishwa kwamba Kiingereza cha kitaalamu kinaanza na utangulizi.

Kwa sababu hiyo naona mwanafunzi aruhusiwe, tena ahimizwe, kuijenga hoja yake kwa lugha anayofikiria nayo kabla ya kuipeleka kwenye Kiingereza. Mistari mitano ya Kiswahili inatosha: nimepima nini, nimepata nini, ni mbali kiasi gani na kinachotakiwa, nina uhakika kiasi gani, nani afanye nini kabla ya lini. Hapo mwalimu anaweza kuona kama kasoro iko kwenye fikra au kwenye tafsiri. Kwa sasa kasoro hizo mbili zinafika mezani kwake zimekorogwa pamoja, naye anazipigia zote mstari mwekundu mmoja.

Nikishasema hivyo, kuna watakaoniuliza kwa nini nisimalizie safari. Kama fikra zinakaa vizuri kwa Kiswahili, Kiingereza cha nini tena? Swali ni zito na si jipya. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, serikali haikukubali. Mahakama za Tanzania, ambazo kwa miaka mingi zilidaiwa haziwezi kuacha Kiingereza, zilitungiwa sheria mwaka 2021 ya kuendesha shughuli zake kwa Kiswahili. Mjadala huo uendelee, na mimi najua niko upande gani. Lakini anayehitimu mwaka huu atakutana na mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), zabuni za miradi inayokopeshwa na Benki ya Dunia, na viwango vya kimataifa, vyote kwa Kiingereza. Hatuwezi kumwambia asubiri.

Tena swali la lugha moja au nyingine linasahau kwamba mhandisi wetu ana wasomaji wa aina mbili kila siku ya kazi. Mchana anaiandikia benki na mhandisi mshauri. Asubuhi alikuwa anaongea na fundi wa nondo, ambaye hatasoma ukurasa hata mmoja wa masharti ya kazi, ila ndiye atakayeamua kwa mkono wake ringi zikae umbali wa sentimita 15 au 20. Mwanafunzi anayeweza kusema uwiano wa maji na saruji kwa Kiingereza safi, akashindwa kumweleza msimamizi kwa nini ndoo moja ya ziada ya maji, inayolainisha zege na kurahisisha kazi, inaliua zege lenyewe, hajahitimu mawasiliano. Hilo halipimwi popote katika mitaala yetu, na kwa maoni yangu ni pengo kubwa kuliko viambishi vyote vilivyokosewa.

Wasanifu majengo wana ugonjwa wao, na nitausema kwa ufupi. Mbele ya jopo, mwanafunzi hutumia dakika 8 kati ya 10 kueleza dhana: jani, wimbi, mazungumzo kati ya ndani na nje. Zikibaki dakika 2 anaulizwa maji ya mvua yanakwenda wapi, na jua la saa tisa linaingia chumba gani. Majibu yapo kwenye ubao wake, yamechorwa vizuri; hakuyataja kwa kuwa aliona ni mambo ya kawaida mno kutamkwa. Mteja hununua hayo ya kawaida. Dhana nzuri inaonekana yenyewe pale mtu anapoonyeshwa kwamba kwa sababu ya umbo hili, upepo wa kutoka baharini unapita vyumba vyote bila feni.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: kuandika wazi hakutoshi. Tarehe 31 Julai 1985 Roger Boisjoly, mhandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, aliwaandikia wakubwa wake kwamba pete za mpira za kuzibia viungo vya roketi zina kasoro inayoweza kuua watu. Hakuzunguka mbuyu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 yeye na wenzake walipinga kwa simu chombo cha Challenger kurushwa katika baridi ile. Kikarushwa, na watu 7 wakafa. Tufte amewalaumu wahandisi hao kwamba hawakuweka halijoto na madhara kwenye grafu moja. Boisjoly na wenzake wakajibu kwamba lawama hiyo haikuelewa data walizokuwa nazo. Mimi naona jibu lao lina nguvu. Mkubwa aliyekwisha kuamua hasikii, hata umwandikie nini. Ila tuangalie barua ile ilifanya nini baadaye. Tume ya uchunguzi ilipokaa mwaka 1986, hakuna aliyeweza kudai kwamba hatari haikujulikana, kwa sababu ilikuwa imeandikwa, ina tarehe, ina jina, na inasema kitu kimoja. Slaidi ya Columbia haikuacha ushahidi wa namna hiyo. Iliacha karatasi ambayo kila upande ungeweza kuisoma utakavyo. Uwazi haumpi mhandisi madaraka, lakini unamwondolea mwenye madaraka kisingizio.

Na siku hizi nasikia pingamizi jipya, kwamba programu za akili mnemba zitaandika Kiingereza chote, hivyo tunahangaika na maiti. Kwa upande wa sarufi huenda ni kweli, na sitawaonea haya wanaozitumia kunyoosha vitenzi. Lakini programu haikuwepo siku vipande vya zege vilipovunjwa. Ukiipa fikra iliyokorogeka itakurudishia fikra ile ile iliyokorogeka, safari hii kwa Kiingereza kizuri, na hapo mwalimu anapoteza hata dalili alizokuwa akizitegemea. Kadiri lugha laini inavyokuwa rahisi kuipata, ndivyo mtihani wa kweli unavyohamia kwenye maswali ya ana kwa ana: hii 19 umeipataje, na kama ingekuwa 23 ungeshauri nini?

Linabaki suala la ratiba, ambalo wakuu wa idara hulitaja la kwanza. Vipindi vimejaa, na mwalimu mwenye wanafunzi 120 hawezi kusahihisha taarifa 10 za kila mmoja. Sawa, zipunguzwe ziwe 4, kila moja iandikwe mara mbili, na alama zitolewe kwa ile ya pili tu. Ukurasa wa kwanza ubebe dai, kipimo na pendekezo, na kama havipo taarifa irudishwe bila kusomwa, kama ambavyo mchoro usio na skeli hurudishwa. Wasomaji wa kwanza wawe wanafunzi wa fani nyingine, ambao watatakiwa kuandika kwa sentensi moja wameelewa wafanye nini. Chuo Kikuu Ardhi na ndaki ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni majirani wa kutembeleana kwa miguu. Mwanafunzi wa usanifu akishindwa kuona kwenye ukurasa wa mwenzake kama nguzo zivunjwe au zibaki, mwenzake ataambiwa siku hiyo hiyo, bila mwalimu kushika kalamu. Kubadilishana kurasa hizo hakuhitaji bajeti wala kozi mpya. Kunahitaji wakuu wa idara wawili wakubaliane siku ya wiki.